Mahameli ya Maua: Tujue Kuichagua, Kuishona na Kuitunza

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa barabara kuu iendayo Zambia, akishapanda mlima Kitonga na kuipita Ilula, hufika Ipogolo, bondeni mwa mto Ruaha Mdogo. Hapo ndipo njia ya kupanda Iringa mjini inapoachana na ile iendayo Mafinga, Makambako, Mbeya hadi Tunduma. Malori hupumzika hapo, abiria hushuka, na biashara ndogo ndogo hustawi kwa sababu ya barabara hiyo. Palipo na barabara kama hiyo hapakosi cherehani, na kitambaa kinachouzwa leo Kariakoo hakikawii kufika katika meza ya fundi wa nyanda za juu.

Miongoni mwa vitambaa hivyo, kimoja kimependwa sana na akina mama siku hizi. Ni mahameli yenye maua, laini kama manyoya ya paka, yenye kung'aa, na ambayo ukiivuta huvutika kisha ikarudi. Wenye maduka wengi huiita velveti. Mahameli ndilo jina lake la siku nyingi katika Kiswahili. Hushonwa magauni ya sherehe, sketi, blauzi, makoti mepesi na nguo za watoto. Wengine huitandika juu ya makochi, wengine huifanya mapazia na foronya za mito ya sebuleni.

Hapana ubaya katika kupenda kitu kizuri. Hali ya hewa ya Iringa nayo, katika mji uliokaa zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, humfanya mtu atamani nguo nzito ifikapo mwezi Juni na Julai. Lakini kitambaa hiki kina tabia zake, nazo si za khanga wala kitenge, na asiyezijua hupata hasara. Mama hununua mita nne kwa akiba ya miezi miwili, humpelekea fundi aliyezoea kushona vitenge na sare za shule, na baada ya juma moja hukabidhiwa gauni ambalo upande mmoja umekolea na mwingine umepauka, mishono imejikunja, na juu ya kifua ipo alama ya pasi isiyofutika. Kitambaa kimeharibika, mwenye kitambaa ameudhika, fundi anadaiwa fedha asizokuwa nazo, na majirani wawili hawasalimiani.

Kwa hiyo Jumapili hii yafaa tuitazame mahameli ya maua tangu dukani hadi kambani, ili mwenye kununua na mwenye kushona wote wawili waijue.

MAHAMELI NI KITU GANI

Mahameli si aina ya uzi, bali ni namna ya kutengeneza kitambaa. Juu ya kitambaa cha kawaida hupandwa nyuzi fupi fupi zilizosimama na kukatwa sawasawa, nazo ndizo zinazotoa ule ulaini. Zamani mahameli ilifumwa kwa hariri na kuvaliwa na wenye mamlaka na mali. Kwa namna mojawapo ya ufumaji, vitambaa viwili hufumwa pamoja vikitazamana, kisha kisu hupita katikati na kuzikata nyuzi zinazoviunganisha, ndipo pakatoka mahameli mbili kwa mara moja.

Si kweli kwamba Afrika haikuijua sanaa ya namna hii mpaka ilipoletewa na wageni. Katika Kongo, upande wa Kasai, Wakuba wana kitambaa mashuhuri kilichotengenezwa kwa nyuzi za mwale. Wanaume hufuma kitambaa chenyewe; wanawake hukitarizi kwa sindano na kuzikata nyuzi fupi fupi zisimame kama manyoya, kwa michoro ya pembe na mistari inayoshangaza macho. Vitambaa hivyo vimewekwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, na wataalamu wa huko wamezoea kuviita mahameli ya Kasai. Kipande kimoja kidogo huweza kuchukua kazi ya siku nyingi.

Mahameli ya maua inayouzwa madukani kwetu ni kitu kingine. Kwa kawaida hutengenezwa kwa poliesta, uzi unaotokana na mafuta ya petroli, pamoja na kiasi kidogo cha spandeksi, ambayo mara nyingi ni kati ya sehemu 5 na sehemu 10 katika kila 100. Spandeksi ndiyo inayoleta kule kuvutika; iligunduliwa nchini Marekani mwaka 1958. Kitambaa hiki kwa kawaida hakifumwi kwa nyuzi za kupishana kama kitenge, bali husokotwa vitanzi kwa mashine, namna ya fulana au sweta. Hiyo ndiyo sababu ya pili ya kuvutika kwake, nayo ndiyo sababu sindano ya kawaida hukitoboa vibaya.

Ama kuhusu maua, mara nyingi huchapwa kwanza kwenye karatasi, kisha karatasi hulazwa juu ya kitambaa na kukandamizwa kwa joto la karibu nyuzi 200 za Selsiasi. Rangi hugeuka mvuke na kuingia katika poliesta. Njia hii hutoa picha safi, yenye rangi nyingi, wala rangi haichuji upesi. Lakini ina kasoro moja ambayo mnunuzi hana budi kuitambua: mara nyingi rangi huishia katika ncha za manyoya, na chini yake kitambaa hubaki cheupe.

DUKANI

Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kabla hujamwambia mwenye duka akate, fanya majaribio machache. Hayagharimu hata senti, na muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Kwanza, vuta kitambaa kwa mikono miwili hadi kiasi kitakachovutika kiwiliwilini, kisha tazama katikati. Ukiona weupe unachomoza kati ya maua, ujue kwamba weupe huohuo utaonekana kwenye viwiko, makalio na magoti. Kitambaa cha namna hiyo kinafaa kushonewa nguo pana isiyobana, au foronya, lakini hakifai gauni la kubana.

Pili, pima uvutikaji wake. Shika sentimita 10 kwa upana, uzivute taratibu karibu na futi ya fundi. Zikifika 15, kitambaa kinavutika nusu ya kipimo chake. Halafu kiachie. Kikirudi kwenye 10 mara moja, ni kizuri. Kikibaki kimelegea, nguo itakayoshonwa nayo italegea hivyo hivyo baada ya kuvaliwa siku mbili tatu.

Tatu, kunja kitambaa juu ya kidole cha shahada, manyoya yakiwa nje. Ukiona kitako cha kitambaa waziwazi, manyoya ni haba na yatakwisha upesi mahali panaposuguliwa, kama vile kwapani na kwenye kochi.

Nne, sugua kwa kitambaa cheupe kilicholowa maji. Rangi ikibaki kwenye kitambaa cheupe leo, kesho itabaki kwenye blauzi yako au kwenye ukuta.

Tano, ukiwa na shaka kama unauziwa poliesta kwa jina la pamba au hariri, omba uzi mmoja wa ukingoni na umpe fundi auchome kwa tahadhari, mbali na vitambaa vingine. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu jepesi. Poliesta huyeyuka na kuacha kitone kigumu. Katika jambo hili moto hausemi uongo.

MANYOYA YANA MWELEKEO

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Pitisha kiganja juu ya mahameli kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu. Upande mmoja mkono huteleza. Upande wa pili huhisi ukinzani. Manyoya yamelala kuelekea upande mmoja, nayo hupokea mwanga kwa namna tofauti. Yakitazamwa kutoka upande mmoja kitambaa hukolea, na kutoka upande mwingine hung'aa na kuonekana kimepauka. Fundi akikata kipande cha mbele manyoya yakielekea chini na cha nyuma yakielekea juu, gauni litaonekana limeshonwa kwa vitambaa viwili vya rangi mbalimbali, wala hakuna pasi wala sabuni itakayorekebisha jambo hilo.

Basi vipande vyote vya nguo moja sharti vielekee upande mmoja. Manyoya yakilazwa kuelekea chini, nguo hung'aa na hudumu zaidi kwa sababu mkono hauyasugui kinyume. Yakielekea juu, rangi huonekana nzito zaidi. Mwenye nguo na achague, lakini asichanganye. Aidha, kama maua yana shina na kichwa, au kuna picha za ndege, mwelekeo wa picha nao hauna budi kutazamwa. Ikitokea picha zimesimama upande mmoja na manyoya yamelala upande mwingine, fuata picha, kwa maana ndege aliyegeuzwa miguu juu huonekana na kila mtu.

Jambo hili lina gharama, na gharama hiyo ielezwe mapema. Katika kitenge kisicho na upande, fundi hodari hupanga sketi ya marinda au ya vipande kwa kukigeuza kipande kimoja, chembamba juu, kingine chembamba chini, ili visipoteze nafasi. Katika mahameli hawezi kufanya hivyo. Kwa sababu hiyo, mtindo uliozoeleka kushonwa kwa mita tatu huweza kuhitaji mita tatu na nusu. Kwa mtu mmoja ni nusu mita tu. Kwa kamati ya harusi yenye akina mama 20 ni mita 10 nzima zisizokuwamo kwenye hesabu, na lazima atafutwe mtu wa kuzilipa.

MEZANI KWA FUNDI

Mafundi wengi wa kando ya barabara hutumia cherehani ya miguu inayoshona mshono mmoja ulionyooka. Mashine hizo ni imara na zimesomesha watoto wengi, nasi hatuna sababu ya kuzidharau. Lakini mshono ulionyooka hauvutiki. Mwenye gauni akiinama, kitambaa kitavutika na uzi utakatika. Fundi mwenye mashine ya zigizaga atumie zigizaga nyembamba. Asiye nayo arefushe hatua za mshono kidogo, atumie uzi wa poliesta na si wa pamba, na akishona akivute kitambaa kidogo sana mbele na nyuma ya sindano, ili mshono upate akiba ya kuvutika. Asikivute kupita kiasi, maana mshono utakuwa wa mawimbi.

Sindano ni jambo dogo lenye matokeo makubwa. Sindano ya kawaida ina ncha kali inayokata vitanzi vya kitambaa, na kila tundu linaweza kufunguka na kuwa mchirizi kama ule wa soksi. Iko sindano ya ncha ya mviringo, iliyotengenezwa kwa ajili ya vitambaa vya kuvutika. Namba 75 au 80 yatosha kwa mahameli nyepesi. Bei yake ni ndogo kuliko bei ya kumlipa mteja kitambaa chake.

Mahameli ina hila nyingine. Vipande viwili vikiwekwa manyoya kwa manyoya chini ya cherehani, cha juu hutembea kuliko cha chini. Fundi huanza vimelingana na humaliza kimoja kimezidi kwa vidole viwili. Dawa yake ni kushikiza kwanza kwa mkono, uzi na sindano, mishono mikubwa mikubwa, pembeni mwa mahali mshono utakapopita. Pini zitumike ndani ya nafasi ya mshono tu, kwa kuwa pini iliyokaa usiku kucha juu ya mahameli huacha alama. Vilevile mguu wa cherehani ulegezwe usikandamize sana, na fundi ashone kuelekea upande ambao manyoya yamelala. Chaki apake upande wa ndani, na akate kipande kimoja kimoja badala ya kukunja kitambaa mara mbili, kwa maana kilichokunjwa huteleza na vipande havilingani.

Kwa kuwa kitambaa hiki kinavutika, mabega yatiwe utepe mwembamba usiovutika ndani ya mshono, ama sivyo gauni litashuka mabegani kwa uzito wake lenyewe. Pindo la chini lisikatwe siku ileile. Gauni litundikwe usiku mmoja, literemke kadiri litakavyoteremka, kisha ndipo lipimwe na kukunjwa. Mteja mwenye haraka avumilie usiku huo mmoja.

Aidha fundi asione haya kusema hajawahi kushona mahameli. Aombe mabaki, ajaribu mshono, aonyeshe. Na mteja asimlazimishe fundi kupokea kazi asiyoijua kisha akadai fidia. Mapatano yafanywe kabla ya mkasi kugusa kitambaa: mita ngapi zimepokewa, mtindo gani, siku gani, na nani ataubeba mzigo kitambaa kikiharibika. Yaandikwe katika daftari, na kipande kidogo cha kitambaa kibandikwe pembeni. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ujirani pia huweza kupotea hivyo hivyo.

SEBULENI

Ama kuhusu mapambo ya nyumba, foronya za mito ya makochi ndiyo kazi inayoifaa zaidi mahameli ya kuvutika. Hazihitaji kitambaa kingi, hutumia mabaki, na sebule hupata uhai. Kiti cha kochi ni habari nyingine. Kitambaa kinachovutika kikikaliwa kila siku na watu watano hulegea katikati na kuteleza pembeni. Anayetaka kufunika kochi kwa mahameli anunue ile nzito isiyovutika, iliyofumwa kwa ajili ya samani.

Mapazia yahitaji hesabu. Tuchukue dirisha la upana wa sentimita 150. Ili pazia likunjamane vizuri huhitaji upana maradufu, yaani sentimita 300, sawa na vipande viwili vya kitambaa cha upana wa 150. Ikiwa urefu pamoja na mapindo ni sentimita 220, utadhani kwamba mita 4 na sentimita 40 zatosha. Lakini kama ua kubwa hurudi kila baada ya sentimita 60, kila kipande hakina budi kukatwa kwa 240 ili maua yalingane, na jumla itakuwa mita 4 na sentimita 80. Anayepungukiwa na sentimita hizo 40 hurudi dukani akakuta jora limekwisha.

Jambo ambalo hatuwezi kulipita kimya ni moto. Poliesta haiungui kama pamba. Huyeyuka, hudondoka, na hung'ang'ania ngozi. Katika nyumba nyingi za mijini kwetu jiko la mkaa, jiko la gesi na mshumaa wa siku ya kukatika umeme vyote hukaa karibu na mapazia na karibu na mikono ya gauni. Pazia la mahameli lisitundikwe jikoni. Mama asipike akiwa na gauni la mikono mipana la kitambaa hiki, na mtoto aliyevaa nguo ya sikukuu ya mahameli asisogezwe karibu na jiko. Ikitokea ajali, mwagia mahali palipoungua maji safi ya baridi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20. Usiling'oe pande la nguo lililogandamana na ngozi, usipake mafuta wala dawa ya meno, na mpeleke mgonjwa zahanati bila kuchelewa.

KUFUA NA KUPIGA PASI

Vumbi la kando ya barabara ni adui wa mahameli, kwa maana manyoya hulikamata. Kabla ya kufua, likung'ute na kulipangusa kwa brashi laini kufuata mwelekeo wa manyoya. Geuza nguo ndani nje, fua kwa maji ya baridi au ya uvuguvugu na sabuni kidogo, bila kusugua juu ya jiwe na bila kukamua kwa kusokota. Ikamue kwa kuizungushia taulo, kisha ianike kivulini.

Pasi ndiyo imeharibu mahameli nyingi kuliko mkasi. Pasi ya mkaa haina kipimo cha joto, basi isitumiwe kabisa. Pasi ya umeme iwekwe joto dogo, nguo igeuzwe ndani nje, chini yake paweke taulo nene au kipande kingine cha mahameli, manyoya yakitazamana, na pasi iguse kwa wepesi tu bila kusukumwa. Iko njia iliyo salama zaidi: tundika nguo bafuni juu ya beseni la maji ya moto, mvuke uinyooshe wenyewe. Wakati wa kuihifadhi itundikwe au izungushwe kama mkeka. Usiikunje na kuiweka chini ya sanduku.

Mabaki nayo yasitupwe mtoni wala yasichomwe uani. Poliesta haiozi, na moshi wake si wa kuvutwa na watoto. Maji ya Ruaha Mdogo yanayopita Ipogolo huingia Ruaha Mkuu na kufika bwawa la Mtera, yakitumiwa na watu wengi njiani. Vipande vidogo hufaa vibanio vya nywele, vifuko vya fedha, vishikio vya pini vya fundi mwenyewe, au kujaza mito.

SARE NA MFUKO WA FAMILIA

Tumesema juu ya kitambaa. Sasa tuseme juu ya mfuko. Mahameli mara nyingi haiingii nyumbani kwa sababu mtu ameihitaji, bali kwa sababu kamati imeamua. Harusi ina sare, kuagwa kwa bibi harusi kuna sare, kikundi cha akina mama kina sare, na kila sherehe inataka kitambaa kipya kisichofanana na cha sherehe iliyopita. Mfanyakazi mwenye mshahara wa kawaida, akialikwa mara tatu kwa msimu, hulipa michango mitatu, hununua vitambaa vitatu na humlipa fundi mara tatu. Kisha Januari hufika, na mtoto anahitaji sare ya shule, madaftari na viatu. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Hatusemi watu waache kufurahi pamoja. Kuvaa sare ni alama ya umoja, na umoja ni kitu chema. Lakini umoja unaomfanya mwenzetu aone haya kwa kukosa mita nne za kitambaa umekwisha kupoteza maana yake. Kamati yaweza kuamua sare iwe kitambaa cha kichwani au mtandio tu, na kila mama akavaa gauni alilonalo. Yaweza kuchagua kitenge cha pamba ambacho baada ya sherehe kitavaliwa kazini, sokoni na kanisani au msikitini kwa miaka kadhaa. Mahameli ikibidi, basi iwe mara moja kwa mwaka, wakati wa baridi, na kwa mtindo utakaovalika tena.

Tukumbuke pia kwamba pamba ni zao letu. Wakulima wa Simiyu, Shinyanga na Mwanza huilima, na sehemu kubwa yake husafirishwa nje ikiwa haijafanywa nguo, huku sisi tukinunua poliesta ya ng'ambo. Kiwanda cha Urafiki, kilichofunguliwa mjini Dar es Salaam mwaka 1968 kwa ushirikiano na China, kiliwavika akina mama wa nchi hii khanga na vitenge kwa miaka mingi. Usiache mbachao kwa msala upitao. Mahameli ni msala mzuri, lakini unapita. Pamba ndiyo mbacha tuliyoilalia na kuamkia.

Kwa upande wa pili, mahameli hiihii yaweza kuwa riziki kwa anayeijua. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba kwa vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha mafundi cherehani kinaweza kuomba. Lakini kisianze kwa kununua majora kumi ya mahameli kwa sababu inapendwa mwezi huu. Kianze kwa mashine moja ya zigizaga na moja ya oveloki, kijifunze kushona foronya na nguo za watoto, kiuze, kiweke hesabu, kisha ndipo kipanuke. Mashine itabaki wakati kitambaa cha msimu kimesahauliwa, na mafundi wa jirani wataleta kazi zao za oveloki kila siku.

Iringa pana mfano wa kuigwa. Tangu mwaka 2003 karakana ya Neema Crafts, iliyoanzishwa chini ya Kanisa la Anglikana, Dayosisi ya Ruaha, imewapa kazi watu wenye ulemavu, nao hufuma na kushona vitu ambavyo wageni hununua kwa sababu ni vizuri, si kwa sababu ya huruma. Vitambaa vya Kariakoo hupita mbele ya milango yetu vikiwa njiani kwenda kusini, lakini ufundi haupiti njia, hukaa na mtu aliyejifunza.

Basi mama anayekusudia kununua mahameli ya maua wiki hii afanye mambo matatu kabla ya kufungua mkoba: akivute kitambaa, amwulize fundi wake kama aliwahi kukishona, na aitazame kalenda ya ada za watoto. Majibu yote matatu yakiwa mazuri, na anunue, ashone, avae na apendeze. Moja likiwa na shaka, kitenge kilichomo sandukuni hakijaisha uzuri wake.